Mboga Tano Karibu na Mlango wa Jikoni

Somo letu la leo ni la bustani ya nyumbani. Usilipite haraka ukisema, "Hayo nayajua tangu utoto." Mimi pia nilifikiri nayajua, na kwa sababu hiyo nilikosea mbele ya kikundi kizima.

Ilikuwa Machi mwaka 2015, mvua ndefu zikikaribia. Nilikuwa nikifanya kazi na kikundi cha wakina mama katika kijiji kimoja huko Kakamega, mahali ambapo mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena mpaka mtu anabaki na robo eka, na wengine hata hiyo hawana. Nilienda mjini nikanunua mbegu za aina kumi na nne: kabichi, karoti, spinachi, biringanya, dania, pilipili hoho na nyingine. Tuligawana kwa furaha, tukaimba, tukapanda.

Mwezi wa Juni nilizunguka boma kwa boma kuangalia kazi yetu. Nilikuta magugu. Karoti zilikuwa zimesongwa na nyasi, kabichi zimetobolewa na wadudu, dania imekauka. Wakina mama waliona haya kunitazama usoni. Mmoja alijificha jikoni akamtuma mtoto aniambie ati mama hayupo. Niliona miguu yake chini ya mlango.

Nilitembea nikisema moyoni kwamba hawa watu ni wavivu. Lakini nilikuwa nimebakiza boma moja, na hapo ndipo nilipofundishwa.

MAMA ALIYECHAGUA

Mama huyo alikuwa na bustani ndogo kando ya jiko lake, haizidi mikeka miwili ikitandikwa chini. Ndani yake mlikuwa na mboga tano tu, na zote zilikuwa zinang'aa. Nikamwuliza, "Mama, na zile mbegu nyingine nilizokupa ziko wapi?"

Akacheka. "Mwalimu, usikasirike. Zile zako niliziweka juu ya kabati. Siwezi kulea watoto kumi na wanne kwa siku moja. Nilichukua zile ninazozipenda."

Sikukasirika. Nilijua hali ya nyumba yake. Mumewe alikuwa amepata kiharusi mwaka 2013, na tangu siku hiyo ni mama huyu aliyekuwa akimwosha, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko. Watoto watatu walikuwa shuleni. Kama kuna mtu katika kikundi chetu ambaye angesema hana nafasi ya bustani, ni yeye. Nilimwuliza anapata wapi wakati. Akanijibu, "Hapa ndipo ninapopumzika. Nyumbani kila mtu ananiita. Hizi haziniiti, zinaningoja tu."

Siku hiyo nilielewa kwamba wale wengine hawakuwa wavivu. Ni mimi niliyewapa mzigo ambao hawakuuomba, wa mimea wasiyoijua, na mingine hata hawali. Mtu hawezi kuamka alfajiri kwenda kupalilia kitu asichokipenda. Atakipalilia wiki ya kwanza, wiki ya pili atakiangalia kwa mbali, wiki ya tatu atakikwepa.

Kwa hiyo somo letu ni hili: chagua mboga chache unazozipenda na zinazokubali mahali pako, kisha uzijue vizuri.

KWANZA, IJUE BUSTANI YAKO

Kabla ya kuchagua, kaa na kiti chako nje siku moja ambayo huna haraka. Angalia mambo manne.

1. Jua. Ni upande gani unapata jua kutoka asubuhi mpaka alasiri? Ni upande gani una kivuli cha mwembe, cha migomba au cha nyumba ya jirani? Usiseme penye kivuli hapafai. Kuna mmea wake.

2. Maji. Maji ya kuoshea mboga na mchele unayamwaga wapi? Huko ndiko bustani inakotaka kuwa. Maji yenye sabuni nyingi usiyamwage juu ya majani.

3. Kuku na mbuzi. Kuku wawili wanaweza kumaliza kazi ya mwezi kwa dakika kumi. Kama huna waya, zungushia matete, mabua ya mahindi au matawi ya miiba.

4. Njia yako. Unapita wapi kila siku? Bustani iliyo nyuma ya choo utaiona mara moja kwa wiki. Iliyo kando ya mlango wa jikoni utaiona mara kumi kwa siku bila kujaribu.

Kama huna shamba hata kidogo, tumia gunia. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Weka mkebe usio na chini katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani ya mkebe na udongo pembeni, kisha uvute mkebe juu kidogo na ujaze tena, mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe itapeleka maji mpaka chini. Toboa matundu pembeni na upande miche humo, na mingine juu. Wapangaji wengi wa mijini wanakula mboga kutoka katika magunia kama hayo.

MBOGA TANO NINAZOZIPENDA MIMI

Sasa nitakutajia zangu. Sisemi ziwe zako. Ninataka tu uone jinsi mtu anavyomjua mmea kama anavyomjua jirani: tabia yake, uzuri wake na usumbufu wake.

Managu (mnavu). Wajaluo huyaita osuga, Wakisii rinagu. Ninayapenda kwa sababu hayana kinyongo: ukikata, yanarudi. Panda mbegu kitaluni, halafu uhamishe miche ikiwa na majani manne au matano. Ikifika wiki tano hivi, kata shina la katikati, ubakize kama urefu wa kiganja kutoka ardhini. Matawi yatatoka pembeni, na utavuna kila baada ya wiki moja au mbili. Ng'oa maua yanapotokea ili nguvu ibaki kwenye majani. Waonye watoto wasile matunda mabichi ya kijani, maana yana sumu.

Saga (mgagani). Wakisii huiita chinsaga. Hii ni mboga ya jua, haipendi kivuli wala maji yaliyotuama. Mbegu zake ni za ajabu: ukizivuna leo na kuzipanda kesho, nyingi hazitaota. Zinataka kulala kwanza miezi kadhaa mahali pakavu. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani mbegu ni mbovu, kumbe imelala tu. Saga ni chungu kidogo, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Ichemshe, tia maziwa, uiache chunguni mpaka kesho yake. Aliyekula saga iliyolala na maziwa hahitaji kushawishiwa tena.

Kunde. Wengi tunangoja maganda na kusahau majani. Majani machanga huvunwa kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Kunde ina faida nyingine isiyoonekana: kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani na kurutubisha udongo. Kwa hiyo ukimaliza kuvuna usiing'oe. Kata shina, uache mizizi ioze humo humo, na msimu ujao panda managu mahali pale. Adui wa kunde ni vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaojazana kwenye ncha.

Mrenda. Wajaluo huuita apoth, Wakisii omotere. Watu wengine hawaupendi kwa kuwa unateleza. Sisi tuliokulia kwake tunaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Mbegu yake ina ganda gumu. Ifunge kwenye kitambaa, itumbukize ndani ya maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde chache tu, itoe, ianike kivulini na uipande. Huku magharibi mrenda hupikwa pamoja na majani ya kunde, na hulainishwa kwa munyu wa kienyeji, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Ugali hauhitaji kutafunwa.

Nderema. Hii ndiyo mboga ya wenye kivuli. Ina majani manene yanayong'aa na shina linalotambaa. Ipe ua, mti au kamba, itapanda yenyewe. Huna haja ya kununua mbegu. Omba jirani kipande cha shina, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, ukingoje. Yangu iko chini ya mwembe, karibu na pipa la maji ya mvua, mahali ambapo zamani sikupanda chochote nikisema hapafai. Mgeni akifika jioni bila taarifa, ninanyoosha mkono tu.

Mboga hizi tano zote ni za kwetu. Kwa miaka mingi tulizidharau. Kabichi ilionekana ni ya watu waliosoma, nayo managu yakaitwa magugu au chakula cha maskini. Mambo yamebadilika, na tunamshukuru mmoja wa walioyabadilisha, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akakua kwa kula mboga za kienyeji. Alipokuwa mtaalamu akazifanyia utafiti, na mwaka 2010 akapewa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika. Leo managu na saga zinauzwa hata kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Zina vitamini A, madini ya chuma na chokaa, ambavyo mama mjamzito na mtoto mdogo wanavihitaji sana. Lakini usizichemshe mpaka zife na kumwaga maji yake, maana utakuwa umemwaga sehemu ya faida.

DAKIKA KUMI NA TANO ZA ASUBUHI

Baada ya kuchagua, kazi inayobaki ni ndogo, lakini ni ya kila siku. Afadhali dakika kumi na tano kila asubuhi kuliko saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu magugu na wadudu hawangoji Jumamosi.

Mimi hutoka kabla chai haijachemka. Ninabeba kajembe na mkebe. Ninafanya hivi:

Kwanza, ninaangalia bila kugusa. Ni jani gani limekunjamana? Ni wapi udongo umepasuka? Umande ukiwa bado upo, majani yaliyotobolewa yanaonekana vizuri.

Pili, ninageuza majani. Wadudu hujificha chini yake. Viwavi ninawaokota kwa mkono. Vidukari wakiwa wachache, ninawafuta kwa vidole au kuwapiga kwa maji. Wakiwa wengi ninaunyunyizia mmea maji yenye sabuni kidogo, au ninapaka majivu makavu. Dawa ya dukani siitumii kwa mboga ninazozila baada ya siku mbili.

Tatu, ninang'oa magugu yangali madogo. Gugu la leo hung'olewa kwa vidole viwili. La mwezi ujao litataka jembe.

Nne, ninachuma. Hata kama ni kiganja kimoja. Mboga za majani hupenda kuchumwa. Zikiachwa zinazeeka, zinatoa maua na kukomaa.

Tano, ninasimama tu. Hapa kuna watu watacheka. Lakini mimi nimewatembelea watu wengi waliochoka: wajane, waliofutwa kazi, wanaouguza. Mara nyingi mtu wa namna hiyo siku nzima haoni jambo lolote likienda mbele. Deni liko palepale, ugonjwa uko palepale. Kumbe kwenye bustani jana kulikuwa na udongo mtupu, leo kuna vijani viwili vimeinua vichwa. Ni kitu kidogo, lakini ni wewe uliyekipanda, na kimetokea. Usione haya kukifurahia.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika bustani haba hiyo ni ya majani, na ni ya furaha pia.

MBEGU YAKO IWE YAKO

Jambo la mwisho ni mbegu. Mwaka ule nilioleta pakiti kumi na nne, hakuna aliyebaki na mbegu hata moja kwa msimu uliofuata. Mboga za kienyeji hazitaki hivyo. Kati ya mimea yako chagua miwili au mitatu iliyo bora, yenye majani mapana, iliyochelewa kutoa maua na isiyopatwa na ugonjwa. Ifunge kitambaa, na uwaambie watoto kwamba hiyo haichumwi.

Managu yakiiva, minya matunda ndani ya maji, mbegu zitazama. Zioshe na uzianike kivulini. Saga, vuna maganda yakigeuka manjano kabla hayajapasuka, maana yakipasuka mbegu zote zinamwagika chini. Kunde, ziache zikauke kwenye mmea, kisha uzichanganye na majivu ili fukusi wasizile. Weka kila aina kwenye chupa kavu yenye kifuniko na uandike jina na mwezi.

Halafu gawa. Mbegu iliyo kwa majirani watatu haipotei. Kwako ikifa kwa kiangazi, utaikuta kwao.

KUMALIZIA

Kikundi chetu hakikuvunjika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 2015, mvua fupi zilipoanza, tulikutana tena. Safari hii sikuleta kitu mkononi. Niliomba radhi kwanza. Halafu kila mmoja alitaja mboga anazozipenda na sababu yake, na yule mama wa bustani ya mikeka miwili ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Wengine walitaja tatu, wengine tano. Mmoja alisema yeye anataka managu peke yake, tukamwacha. Yule aliyejificha jikoni alichagua nderema, kwa kuwa boma lake lote liko chini ya mikaratusi na migomba. Upande wa mikaratusi haikushika, udongo ulikuwa mkavu. Upande wa migomba ilipanda mpaka kwenye paa.

Mume wa yule mama alifariki mwaka 2018. Nilipokwenda kumpa pole, baada ya watu kupungua, aliniambia, "Mwalimu, twende nje kidogo." Tukaenda bustanini. Alikuwa hajaigusa kwa wiki mbili na magugu yalikuwa yameanza. Hakusema neno. Aliinama akaanza kung'oa, nami nikainama upande wangu. Tulipofika katikati alichuma saga, akanifungia kwenye karatasi ya daftari pamoja na mbegu kidogo.

"Usizipande leo," akaniambia. "Ziache kwanza zilale."

Nilifanya hivyo. Saga ninayokula leo nyumbani kwangu inatokana na karatasi ile.

ZOEZI LA WIKI HII

Chukua karatasi. Upande mmoja andika mboga zote ambazo watu wa nyumbani kwako wanazila kwa furaha. Upande wa pili andika mahali ulipo napo: penye jua, penye kivuli, penye maji. Unganisha kwa mistari. Mboga isiyopata mstari iache kwa sasa. Kutoka kwenye zilizobaki chagua tatu, na kama una nguvu, tano. Usizidishe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, umewahi kupewa mbegu au mifugo usiyoiomba? Iliishia wapi, na kwa sababu gani?

2. Ni mboga gani ya nyumbani kwenu imepotea tangu bibi zetu? Nani kijijini bado ana mbegu yake?

3. Katika boma lako ni sehemu gani unasema haifai kitu? Ni mmea gani ungekubali hapo?

4. Wanaume na vijana wa nyumba wana sehemu gani katika bustani ya jikoni, au tumeiacha iwe kazi ya mama peke yake?

5. Kuna mtu gani jirani anayeuguza au aliyefiwa ambaye mkiwa wawili mnaweza kwenda kupalilia naye asubuhi moja?